Njia ya Mama Mukwe

Mama,

Ni minyi, bwana ya Ngoyi. Musishituke. Miaka sita tulikaa mu parsele moya, kiwanja moya, na hata siku moya sikubaambia neno, juu muko mama ya bibi yangu, na kwetu Baluba muntu na mama mukwe habaonane uso kwa uso, habasemeshane, habakule pamoja. Sasa muko kule, minyi niko huku Kamina na karatasi. Nilimuuliza katekista kama iko mubaya kubaandikia. Alicheka, akasema, "Andika tu, barua haina macho." Najua hamukusoma. Mutafute kule muntu ya kubasomea, lakini asikuwe na mudomo mingi.

Habari kwanza. Kilio yenu ilienda muzuri. Bantu ya kwenu Mulongo balikuja na samaki ya kukauka, tulikula mpaka ikabakia. Ngoyi alikonda sana, sasa anarudia mwili. Lokatere yetu, ule anapanga vyumba ya mulango ya pili na anapaka mafuta ku mashini ya gari ya moshi, bibi yake alizaa mapacha, bote bawili bazima, na sauti banayo! Na mutoto yetu Veronika... hapana, hiyo nitasema kisha.

Jambo inanileta njo hii. Mama, nilitaka kubomoa njia yenu.

Musikasirike, musikie kwanza. Munajua parsele yetu vile iko: murefu, lakini upana ni hatua kumi tu. Nilihesabu mara tatu nikiomba miguu idanganye. Mu plan ya kwanza ya nyumba niliweka milango ine, moya nyuma ya ingine, na kapito moya ya kupitisha bantu bote: minyi na Ngoyi mbele, balokatere nyuma. Nilikuwa mason, mwenye kujenga manyumba ya gari ya moshi, nilijua kupima, nilijivuna sana. Kisha mukabakia mujane. Ngoyi akasema, mama hawezi kukaa peke yake Mulongo, atachukua mulango ya mwisho. Nikasema ndiyo. Kisha nikaangalia plan. Eh! Kapito moya, na minyi na ninyi ndani! Kila asubui mumoya yetu angekimbia. Benzangu ba ku kazi balicheka mpaka machozi, bakaniuliza kama najenga nyumba ao mahali ya kujificha.

Nilichora tena wiki mbili. Nikapunguza upana ya vyumba, nikaacha ku mukono ya kuume njia ya pili, upana ya mabega ya muntu moya, na ukuta murefu, toka mulango yenu mpaka kwenye barabara. Muzungu ya buro ya manyumba akauliza juu ya nini napoteza udongo ya parsele vile. Ningemuelezaje, Mama? Nikasema, "Ni ya hewa, bwana." Akafurahi, akanipa mukono, akaonyesha plan yangu kwa bengine. Na kweli hewa ilikuja! Kila chumba iko na madirisha pande mbili, upepo unaingia huku, unatoka kule. Mu mwezi ya kumi bajirani banaiva mu nyumba zabo, kwetu batoto banalala muchana. Balokatere banasifu akili yangu. Haikuwa akili, ilikuwa haya ya kuonana na ninyi.

Na mengine mulileta ninyi. "Mwambie mwenye kujenga," njo vile mulikuwa munamutuma Ngoyi, jina yangu hamukutaja hata mara moya, na minyi yenu sikutaja. Mwambie mwenye kujenga, bibi batatu mu jiko moya ni vita, ajengee kila mumoya moto yake. Mwambie mwenye kujenga, milango isiangaliane, muntu asione sufuria ya mwenzake. Nilikuwa nakasirika kidogo, nasema, mama yako alisomea wapi umason? Kisha najenga vile munasema. Na mwaka wa sita sasa, bibi ya lokatere hata moya hajagombana na mwenzake juu ya jiko.

Munakumbuka siku ya matole, mabati ya juu ya nyumba? Nilipanda juu kupigilia misumari. Nilikuwa nimefikiri juu ya kuta yote, nilisahau kama muntu iko juu ya nyumba anaona pande zote! Nikageuka, ninyi hapo chini na ndoo ya maji. Mulijifunika kitenge kichwa yote, mukakaa chini pale pale. Minyi nikaangalia mbingu. Ngazi ilikuwa upande yenu. Nilikaa juu ya tole ya moto, ninyi chini ya kitenge, hakuna mwenye kutikisika, mpaka Ngoyi akarudi ku soko. Alicheka akaangusha muhogo yote. Jioni mukatuma samaki ya kuchoma: "Mwambie mwenye kujenga, jua ilimupika, sasa akule."

Basi. Kisha ya kilio, bantu bakaanza kunisumbua. Tangu banajenga Base, kambi kubwa ya baaskari, kila siku muntu anapiga hodi anatafuta mulango ya kupanga. Lokatere yangu akasema, bomoa ule ukuta, njia haina mwenyewe tena, iingize mu vyumba, utapata mulango ya tano. Nilipima. Ilikuwa kweli. Siku ya mungu, kisha ya misa, nikabeba nyundo.

Sikuwahi kuingia mule tangu nilimaliza kujenga. Nilikohoa kwanza, sawa mupumbavu. Ndani kulikuwa kusafi, Ngoyi angali anafagia. Na upande ya mbele ya njia, ku ukuta ya nyumba, nikakuta kiti. Matafari yangu ya kubakia, mulipanga ninyi na mikono yenu, na udongo tu, bila kamba ya kunyoshea. Inapinda, Mama! Mason ya kikosi yangu akijenga vile, namufukuza.

Nikakaa. Nikajiuliza, juu ya nini hapa? Kisha nikasikia sauti ya Ngoyi, wazi kabisa, mu dirisha ya juu. Ilikuwa chumba yangu. Njo pale, upande ingine ya ukuta, kiti yangu inakaa. Kila siku ya mungu nilikuwa pale, mugongo ku ukuta, namuelezea Ngoyi mambo ya nyumba, na ninyi mulikuwa hapa, mugongo ku ukuta ile ile. Njo maana jibu yenu ilikuwa inafika mbele Ngoyi hajauliza! Nilicheka. Kisha nikalia, Mama, kuliko siku tulibazika.

Ngoyi alikuwa anasema na Veronika. Njo habari ile niliacha: Veronika anaolewa, na kijana ya kwetu, anafanya kazi ku gare, stesheni ya gari ya moshi, muntu ya heshima. Bamesikilizana bakae mu mulango yenu. Na Ngoyi akasema, pole pole, na woga, "Kama papa yako anabomoa ukuta, minyi nitapita wapi?"

Hakuniambia, Mama. Aliona nyundo, akaenda kwa Veronika. Minyi mwenye kupima kila kitu, sikufikiri kama na yeye atakuwa mama mukwe.

Nyundo nilirudisha. Lokatere nilimuambia mulango ya tano haiko. Akashangaa, akauliza juu ya nini napoteza udongo. Nikasema, ni ya hewa.

Basi, Mama, mupumzike muzuri. Ukuta ile haitaanguka wakati minyi ningali nasimama. Na kiti yenu sitainyosha, ibakie vile inapinda, Ngoyi atakaa pale. Siku ya mungu nitarudia ku kiti yangu, mugongo ku ukuta, nitamuelezea mambo ya nyumba. Nitasema na sauti kubwa kidogo.

Minyi,
Mwenye kujenga