Nyongeza Tatu Ambazo Sikuzinunua

Jumamosi, mwezi wa pili. Joto la leo halina adabu. Saa nne asubuhi bati lilikuwa limeshaanza kulia, na feni ilikuwa ikizungusha hewa ileile ya jana. Sina madaftari ya kusahihisha, sina mgonjwa wa kumtembelea, na moyo wangu ni mchungu kama shubiri.

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza hapa bloguni kama zile nyongeza za mchezo wa dunia iliyokwisha zinafaa kununuliwa. Nikamwambia anipe siku chache nizinunue, nizicheze, kisha nimpe jibu la mtu aliyeonja. Leo zimeshushwa bei. Nikanunua bando kubwa, nikaketi mbele ya kompyuta kabla hata ya chai.

Sikuzinunua. Nitaeleza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: vita vikubwa vimepita, miji imebaki magofu, maji ni ya kupigania. Unaunda mhusika wako, unampa jina na sura, unamtembeza jangwani akitafuta chakula, risasi na watu wa kuishi nao. Ukichoka kuzurura unajenga kijiji. Watengenezaji wakishakuuzia mchezo mzima wanakuja tena na vipande: safari moja ya ziada hapa, mji mpya pale, kila kimoja na bei yake. Hizo ndizo nyongeza, vijana wanaziita DLC. Za mchezo huu ni tatu.

Sikuucheza peke yangu. Niliucheza na Bishar, mtoto wa baba yangu mdogo. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukalelewa na bibi yetu kule Ijara, na tulipoletwa Garissa kusoma tulilala mkeka mmoja. Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili, jambo ambalo ukoo wetu mzima wa Kisomali unalicheka hadi leo. Yeye akawa fundi wa simu. Kompyuta hii tuliichangia. Kila Ijumaa baada ya swala tuliketi hapa hadi alasiri, mmoja akishika kipanya, mwingine akitoa maagizo na lawama.

Akaunti ilikuwa moja, ya mtandaoni, inayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Mhusika alikuwa mmoja.

Tulimfanya mwanamke mzee, mrefu, mkavu, tukamwita Ayeyo, yaani bibi, kwa sababu tuliamini dunia ikiisha kweli atakayebaki akitembea ni bibi yetu. Tukamjengea kijiji bondeni, tukakiita Ijara Mpya. Bishar alikizungushia ua wa miiba kama zizi la ngamia. Mimi nilihangaika wiki tatu nikitafuta vipuri vya pampu ya kisima. Maji yalipotoka, watu wakaanza kuhamia, na nikawajua wote kwa majina. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nimehifadhi majina ya wanakijiji wasiokuwepo. Nakiri.

Mwaka juzi Bishar alipata kazi Nairobi, katika duka la mjomba wake huko Eastleigh. Siku ya kuondoka nilimbebea begi hadi stendi. Tulikubaliana kwamba nyongeza zikitoka hatutazigusa. Akija Idd tutazicheza pamoja. Zikatoka. Idd ya kwanza hakuja, kazi ilimbana. Ya pili hakuja, alikuwa ameshaoa. Mimi sikuufungua mchezo hata siku moja. Wanafunzi wangu walipokuwa wakisimuliana mwisho wake, niliondoka darasani.

Leo nikasema basi. Sitasubiri tena.

Nikaingia kwenye duka la mtandaoni, nikabonyeza nyongeza ya kwanza. Palipotakiwa kuwa na bei pakawa na maandishi kwamba tayari ninayo. Ya pili, ninayo. Ya tatu, ninayo. Nikadhani ni hitilafu ya mtandao. Nikaufungua mchezo.

Ayeyo alitokea amevaa koti la chuma nisilolijua, ana kovu shavuni, amesimama katika stesheni ya treni ambayo sijawahi kufika. Kumbukumbu ya safari zake ilionyesha kwamba nyongeza zote tatu zilimalizwa miezi minane iliyopita.

Miezi minane.

Nikamrudisha kijijini. Ua wa miiba ulikuwepo. Watu hawakuwepo. Pampu ilikuwa imeng'olewa, pamebaki shimo na bomba lililokatwa. Ilinichukua muda kusoma na kuelewa: nyongeza ya tatu inataka mashine ya kuendeshea treni. Unaweza kuinunua, unaweza kuiiba, au unaweza kung'oa ya pampu ya kijiji chako na kuwaacha watu wako watawanyike. Nikatafuta hifadhi za zamani ili nirudi nyuma. Mpya zilikuwa zimeandikwa juu ya zile za zamani.

Nilimpigia Bishar baada ya adhuhuri. Tuliongea Kisomali, maneno ninayoyaandika hapa nimeyatia Kiswahili mwenyewe. Alipokea upesi. Aliuliza habari za Hooyo, mama yangu, akauliza joto, akauliza shule. Nikamwambia nimeufungua mchezo. Akacheka kwa furaha, akanishauri nianze na ile ya pili, ya familia inayovusha watu mtoni, kwa sababu hiyo ina hadithi ya kweli. Ya kwanza, akasema, ni kuua mende mgodini mpaka uchoke. Ya tatu ni fupi na imeisha kabla hujakaa vizuri.

Akawa amejibu swali la msomaji wangu kabla mimi sijauliza langu.

Nikauliza langu. Pampu aliing'oa nani?

Akasema ni Sahra, mke wake. Sahra alitoka Wajir, na miezi ya kwanza ya ndoa hakumjua mtu yeyote Nairobi. Mchana kutwa alikuwa peke yake kwenye chumba cha ghorofa ya nne. Bishar akanunua kompyuta, akafungua akaunti yetu, akamfundisha kucheza. Akamnunulia nyongeza zote. Sahra hakujua kijiji kile ni nini.

"Na mimi sikumwambia," akasema.

Hapo nikatoa maneno ambayo sikuyapanga. Nilimwambia amegawa kitu cha watu wawili bila kuuliza. Nilimwambia nimekaa Garissa nikisubiri kama mbuzi aliyefungwa kambani, nikiiheshimu ahadi ambayo yeye alishaivunja zamani. Nilimwambia Nairobi imemfundisha kusahau watu. Kuna jambo nilisema kuhusu mkewe ambalo sitaliandika. Sauti yangu ilipanda hadi Hooyo akaacha kukoroga chungu uani.

Bishar alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Harusi yangu hukuja," akasema.

Nikamkumbusha mafuriko. Tana ilikuwa imekata barabara pale Mororo, watu wanavushwa kwa boti, kila mtu alijua.

"Barabara ilifunguliwa Jumatano. Harusi ilikuwa Jumapili. Mabasi ya Garissa yalikuwa yanashusha watu chini ya dirisha letu. Nilisimama pale nikiangalia, walaal, ndugu yangu, mpaka wakaja kuniita nikavae."



Sijawahi kumwambia mtu, kwa hiyo naandika hapa. Ijumaa ile begi langu lilikuwa tayari. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi. Hooyo alikuwa ametangulia kabla ya maji kupanda, nyumba nzima ilikuwa yangu, na tiketi nilikuwa nimeshaikata. Niliketi kitandani nikiwa nimevaa viatu, nikaona nikienda nitakuwa nimekwenda kumkabidhi Bishar kwa watu wengine, kisha nitarudi peke yangu kwa basi. Nikavua viatu. Nikampigia, nikamwambia maji bado hayajapungua.

Alinijibu kwamba Mungu ndiye mpangaji. Nikaamini ameamini.

"Kila aliyeniuliza nilimwambia ulifika Mororo ukarudishwa," akasema leo. "Hata mama yako. Hata Sahra."

Mwaka na zaidi amekuwa akinisitiri. Mimi mwaka huohuo nimekuwa nikimhesabia ahadi moja ya mchezo.

Nilitaka kusema nisamehe. Badala yake nikauliza kama Nairobi nako kuna joto. Akasema kuna mteja amefika. Akanituma salamu kwa Hooyo, akakata simu kwa upole. Zamani hatukuwahi kukatiana simu bila mmoja kusema utakuja lini. Leo hakusema.

Hooyo akaja mlangoni na mwiko mkononi, akauliza Bishar anasemaje. Nikamwambia anasalimia. Akanitazama.

"Mlikuwa mnasalimiana kwa makelele," akasema, akarudi uani.

Msomaji wangu, jibu lako ni hili. Nunua ya pili. Ya kwanza na ya tatu ngoja ziwe za bure, na hata hapo fikiria. Jibu hilo nimelichukua kwa mtu mwingine, si langu. Mimi nimeshindwa kuzicheza. Nilimtembeza Ayeyo hadi kisimani mara mbili, nikazima.

Bado nina hasira kuhusu pampu. Ningependa kuandika kwamba imeisha, ila nimeshadanganya vya kutosha. Ninamwonea wivu msichana niliyekataa hata kumwona siku ya ndoa yake, aliyekuwa mpweke chumbani akajipatia kitu cha kufanya. Na nikijaribu kumchukia Bishar, namwona amesimama dirishani na suruali ya nyumbani, anahesabu wanaoshuka basini.

Alasiri nilimwandikia ujumbe. Wa kwanza ulikuwa mrefu, umejaa maelezo, nikaufuta. Wa pili nikaufuta. Wa tatu nikautuma: "Barabara ilikuwa wazi, na nilijua. Mwambie Sahra ukweli, na uniombee msamaha kwake."

Alama za kusomwa zimegeuka buluu papo hapo. Hajajibu, na sasa maghrib inaadhiniwa.

Kesho ni Jumapili. Mabasi ya Nairobi yanaanza kuondoka alfajiri, na maji ya Tana yamepungua. Je, nitapanda, au hata msamaha wa Bishar nitauomba kwa simu?