Baba, Nilikosea Habari za E 44

Kwako Baba, uliyelala Sydney badala ya Tabora,

Ulikuja kwangu Penrith, pembeni mwa Sydney, kwa miezi mitatu tu, umbebe mjukuu wako kisha urudi nyumbani. Mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona ukiwa huku, na miezi mitatu ikawa mwaka na nusu. Kila asubuhi ulivaa barakoa na koti langu la mvua, ukaenda stesheni kutazama treni za umeme zikipita, halafu ukarudi kunilalamikia. "Mabati tu yale," ulisema. "Ungeiona E 44!"

E 44 niliijua kabla sijajua kusoma. Kichwa cha treni cha umeme cha Wajerumani, cha miaka ya thelathini, ulichokikuta bado kinafanya kazi ulipopelekwa kusomea ufundi Ujerumani Mashariki. Miaka mitatu ulivifungua na kuvifunga vichwa hivyo. Kisha ukarudi Tabora, kwenye reli isiyokuwa na waya hata mmoja juu yake, ukatengeneza injini za dizeli hadi ulipostaafu. Umeme ukabaki hadithi ya mezani, na mimi ndiye niliyekuwa naikatiza. "Baba, basi, tumesikia."

Tulipofungiwa ndani kwa mara ya pili, ukaanza kukohoa. Gari la wagonjwa likakupeleka hospitali ya Westmead, na wageni hawakuruhusiwa kuingia wodini.

Siku ya nne, saa sita mchana, simu ikaita. Nesi Mkenya alikuwa ameishika simu yako mbele ya uso wako.

"Dada, mzee anatoa maski kila saa, anasema inamziba. Oksijeni ikiendelea kushuka hivi atawekwa kwa mashine ya kupumua. Tafadhali, ongelesha yeye. Aiache tu saa moja."

Nilikusihi. Nililia. Nikaomba kwa sauti, ukaitikia amina, ukaivuta tena maski ya oksijeni. Nilipokosa la kusema, nikasema lililokuja: "Baba, si E 44 ilikuwa na ekseli sita za magurudumu?"

Ukaivua kabisa. "Nne!" ulisema ukihema. "Nne, na kila moja na mota yake."

Mashine ya kupima oksijeni ikaanza kulia. Nesi akakurudishia maski. "Dada, we mwambie tu yenye ni ya ukweli!"

Ndipo nilipoelewa. Nikisema sawasawa, utanyamaza unisikilize. Nikikosea, utanisahihisha hata kama itakuua.

Nikaanza upya. Nilisema kwamba vichwa vingi vya kabla yake vilikuwa na mota kubwa iliyozungusha magurudumu kwa fito za chuma, kama injini za mvuke. E 44 ilizitupa zile fito, ikashusha mota chini kwenye ekseli, ikatupa na vile vigurudumu vidogo vya mbele, uzito wote ukakaa kwenye magurudumu yanayovuta. Ndiyo maana iliweza kuvuta abiria asubuhi na mizigo jioni. Mwendo wake kilomita tisini kwa saa. Ukafumba macho, ukatikisa kichwa polepole kukubali.

"Themanini na nne," nesi alisoma. Kisha, "Themanini na nane. Endelea, dada, usisimame."

Nikafika vitani, na hapo ndipo nilipokuwa nakukatiza kila mara. "Vita vilipoisha," nilisema, "upande wa mashariki nyaya ziling'olewa, na vichwa vikachukuliwa..." Nikabahatisha. "Vikachukuliwa na Wamarekani."

Mkono wako ukapanda. Ukafika kidevuni, ukagusa mpira wa maski, ukakaa pale. Kisha ukashuka.

Saa moja ilipotimia nesi alisoma tisini na moja. Kesho yake hali ikageuka, ukawekwa kwenye mashine, na siku sita baadaye daktari akanipigia.

Tulikuzika watu kumi, ndio walioruhusiwa. Baba mdogo alipiga kutoka Tabora: "Umemwacha kaka yangu ugenini kama mzigo usio na mwenyewe?" Nilimweleza habari za mipaka na ndege. Akakata. Tangu siku ile hapokei simu zangu.

Wiki iliyofuata nesi alinipigia kunipa pole. "Ile siku, ukikata tu simu, mzee alitoa maski. Akaniambia, 'Ni Warusi. Lakini usimwambie, atalia.'"

Kaburini sikulia, Baba. Kwa maneno hayo nililia hadi mjukuu wako akaja kunishika goti.

Nimesoma sasa. Ni Warusi. Walivichukua, wakakaa navyo miaka kama sita, kisha wakavirudisha. Vingine vilirudi vibovu, mafundi wakavifufua, ndivyo ulivyokuja kuvikuta wewe. Miaka yote hiyo sikujua kwamba vilirudi.

Wewe siwezi kukuahidi kukurudisha Tabora. Kesho nitampigia tena Baba mdogo, na nitaendelea kumpigia hadi apokee, nimwambie kwamba kaka yake hakuwa mzigo wa mtu. Siku yake ya mwisho ya kusema, alikuwa bado anasahihisha watu.

Lala salama, Baba.

Ni mimi, binti yako mkatiza hadithi.