Babu Barafu na Ubao wa Sentimita Kumi na Saba

Dada Sigrunn, wewe unayetusema gazetini kila Jumamosi mpaka kahawa inatupalia, nisaidie, maana mke wangu ni marehemu, mbwa wangu ameshachoka kunisikiliza, na jambo lenyewe haliambiki kwa mtu ninayesalimiana naye.

Mimi ni profesa wa barafu. Usicheke, ni kazi kamili yenye ofisi na dirisha. Nina miaka sitini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo nimewafundisha vijana jinsi maji yanavyoganda, jambo ambalo maji yanalifanya yenyewe bila shahada yoyote, na wanafunzi wananiita Babu Barafu, nami mpumbavu nikawa naliona hilo jina kama nishani.

Chuo chetu kiko kando ya ziwa, na majira ya baridi tuna kazi ya kujitolea ambayo unaijua, ile isiyolipwa wala kukwepeka: kila Jumamosi mtu anatembea hatua hamsini juu ya ziwa, anatoboa barafu kwa keekee, anashusha rula, halafu anarudi ufukweni kuandika unene kwenye ubao, na mbele yake neno "imepimwa" na herufi za jina lake. Chini ya sentimita kumi, havuki mtu. Zamu hiyo imekuwa yangu miaka kumi na moja, kwani nani atamnyang'anya profesa wa barafu keekee yake?

Jumamosi ya pili ya Februari ubao ulikuwa bado unasema saba, ya wiki iliyotangulia, na siku hiyo kulikuwa na mbio za kuteleza thelujini kwa skii kwenye televisheni, za kupokezana, na vijana wetu walikuwa nyuma ya Wasweden kwa sekunde nne, sasa niambie Mnorwei gani anatoka nyumbani hapo, basi nikangoja mapumziko, nikachukua penseli, nikaandika nyuma ya bahasha nyuzi za baridi za wiki nzima, nikazitia kwenye kanuni ambayo nimeifundisha hadi naiota, ikanipa kumi na saba, nikajipigia makofi, nikaendesha gari hadi ufukweni, nikafuta saba, nikaandika kumi na saba, imepimwa, herufi zangu, nikarudi kuwahi mzunguko wa mwisho. Keekee ilikuwa kwenye buti ya gari. Sikuitoa. Hatua hamsini, Dada Sigrunn, na nilikuwa nimeshavaa viatu!

Nilisahau theluji. Jumatano ile ilikuwa imeanguka theluji ya kufika magotini, na theluji juu ya barafu ni blanketi, baridi haipenyi, barafu hainenepi, hilo hata mtoto wa chekechea wa hapa analijua, na mimi nimeandika makala ishirini na mbili juu ya hilo hilo, moja imepewa tuzo, iko ukutani kwangu, na niliipita nikienda kuchukua penseli.

Jumapili saa sita mchana mwanafunzi wangu Sondre Haugsdal, wa miaka ishirini na mitatu, alifika ufukweni na skii zake akiwa na mfuko wa machungwa, anakwenda kwa wenzake kwenye kibanda cha wanafunzi ng'ambo ya pili. Aliwatumia ujumbe: "Ubao unasema kumi na saba, nakata katikati, wekeni kahawa." Kahawa ikawekwa. Yeye hakufika.

Polisi walipotaka kujua kwa nini barafu ilikuwa sentimita sita mahali alipozama, walimwita mtaalamu, na mtaalamu wa mji huu ni nani? Wakaniuliza kwanza, "Profesa, ulipima Jumamosi?" Nikasema, "Kama kawaida." Askari dada mmoja akaandika bila hata kuinua kichwa, kwa jinsi anavyoniamini. Wakaniuliza, "Sasa imekuwaje?" Nikasema huenda ni mkondo wa kile kijito kinachoingia ziwani, umesambaa kuliko miaka mingine. Nikawachorea na picha! Mishale nikaitia rangi ya buluu.

Sasa mkondo una mwenyewe. Mdomoni mwa kijito barafu ni nyembamba siku zote, na klabu ya skii ndiyo inayochomeka matawi ya msonobari kuzungushia mahali pa hatari, na mwaka huu aliyechomeka ni Jorunn, aliyekuwa anasoma darasa moja na Sondre. Kama mkondo ulisambaa, basi matawi yaliwekwa karibu mno na kijito. Hakuna aliyemwambia hivyo, watu wetu wapole, wanamnyamazia tu kwenye foleni ya chakula. Amejiambia mwenyewe. Juzi alikuja ofisini na fomu ya kuacha chuo ili niitie sahihi.

Akasema, "Profesa, ningesogeza matawi hatua mia mbili tu, Sondre angekuwepo."

Nikamwambia, "Mwanangu, usijilaumu, ajali haina mwenyewe."

Akaniuliza, "Wewe ungelala?"

Nikamwambia silali siku hizi kwa ajili ya goti. Halafu nikampa andazi, Dada Sigrunn. Binti anakufa mbele yangu na mimi natoa andazi. Alilishika hivyo hivyo bila kulila mpaka akaondoka. Fomu ninayo, sijaitia sahihi, na huo ndio ushujaa wangu wote wa mwezi huu.

Alhamisi ni ibada ya kumbukumbu kwenye ukumbi mkubwa. Bodil, katibu wa idara, amenipangia dakika tano: "Wewe ndiye Sondre aliyempenda zaidi, mzee, useme wewe." Na kweli alinipenda, sijui kwa nini. Mwaka jana nilikuwa naandika kanuni ile ile ubaoni, akanyoosha mkono, akasema, "Babu Barafu, na theluji je?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka, nikampa alama ya juu kabisa. Mama yake, Gudveig, ameniandikia kadi kunishukuru kwa kumlea mwanawe kitaaluma. Kadi imesimama juu ya televisheni.

Nimejaribu kuandika hotuba mara tisa. Je, nikisema sasa nitakuwa nawaponya wale watu au nawatonesha kidonda? Sondre harudi. Pengine angezama hata kwenye kumi na saba. Nafikiria kumtafutia Jorunn ufadhili wa masomo, kimya kimya. Nishauri, lakini usinionee huruma, maana hiyo najionea ya kutosha.

Wako mwenye aibu,
Babu Barafu

*

Profesa,

Barua yako imenichekesha mara mbili. Mara ya tatu niliweka kijiko chini, nikaisoma upya tangu mwanzo, nikaona unachokifanya. Unajitukana vizuri sana, bwana. Unajiita mpumbavu kabla mtu hajakuita, unajizaba kofi dogo ili asikuzabe mwingine kubwa. Najua mchezo huo kwa sababu nimeucheza miaka mingi mimi mwenyewe, na hauponyi kitu. Msomaji akishacheka, anakusamehe bila kuulizwa, na wewe unachukua msamaha wa mtu asiye na haki ya kuutoa.

Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu ulimpenda kijana yule na utambeba mpaka kaburini. Kusahau theluji ni kosa, na kila mwenye kazi ana siku yake ya kosa. Mganga hajigangi, sawa. Lakini "imepimwa" hukuisahau. Uliiandika. Na mishale ya buluu, Profesa, ile si ya kusahau kabisa.

Usiniulize kama angezama hata kwenye kumi na saba. Wewe unajua kuliko mimi. Na usijifiche nyuma ya "Sondre harudi." Ni kweli harudi, ndiyo maana sizungumzi juu yake. Nazungumza juu ya Jorunn. Yule yuko hai, ana miaka ishirini na kitu, na amebeba maiti yako mgongoni huku wewe unampa andazi. Ati ufadhili kimya kimya! Unataka kumlipia mtoto karo ya mzigo uliomtwika mwenyewe? Hebu ona haya.

Sasa sikiliza. Gazeti hili linatoka Jumamosi, lakini sikungoja. Jibu hili nimekutumia Jumatatu kwa posta ya haraka likufikie Jumanne asubuhi, na naomba uwe umesimama unapolisoma.

Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda kwa Jorunn. Usimwite ofisini, nenda wewe. Mwambie matawi yake yalikuwa mahali pake. Ichane ile fomu mbele yake, na asipotaka kukutazama, usimlazimishe. Kutoka hapo nenda polisi kwa yule dada aliyekuandika bila kuinua kichwa, safari hii atakiinua. Wakili mtafute ukitaka, ni haki yako, ila asikutangulie kwa Jorunn. Kesho panda treni uende kwa Gudveig. Chukua kadi yake mfukoni umrudishie. Aamue yeye kama bado anataka uwe nayo. Akikufukuza, fukuzika. Akikaribisha, kaa, na usimchekeshe hata mara moja.

Huenda ukapoteza kazi. Huenda ukashtakiwa. Sitakudanganya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wewe umeyaficha wiki tatu tu na tayari yameshampata mtu wa pili.

Halafu Alhamisi. Bodil amekupa dakika tano, mrudishie nne na nusu. Acha rasimu zote tisa nyumbani. Gudveig, Jorunn na polisi watakuwa wameshajua, kwa hiyo humtoneshi mtu kidonda, unamaliza tu. Simama mbele ya darasa lako, waambie Sondre aliwahi kuuliza, "Na theluji je?" Kisha mjibu kijana wa watu, kwa neno moja, kwa sauti inayofika nyuma: "Sikupima." Ukae chini.

Na wakicheka, Babu Barafu, itakuwa ajabu. Hawatacheka.

Sigrunn