Sahani Waliyoitoa Ndani ya Pipa

Papa Alimasi,

Walitaka kukuzika pamoja na uongo. Mimi sikukubali.

Mwenye boti alisimama kwenye kilio chako hapa Baraka akasema, "Fundi alishindwa kusafisha mazutu, ndiyo motere ikazimika." Watu wakaitika kwa vichwa. Mimi, mwanafunzi wako, nilijua anadanganya.

Siku ile milio ya bunduki ilikuwa inashuka kutoka Fizi, bamama wamejaa ufukweni wakitaka kuvuka. Mazutu, dizeli ya motere ya boti, ilikuwa chafu. Ilibidi ipite kwanza kwenye pipa lako la mchanga, ichujwe. Ulinieleza mara ngapi? Kwenye kiwanda ulikofanya kazi ujanani, mafuta na gesi vilishuka pamoja ndani ya mtungi mrefu kuliko nyumba, vikipita kwenye dawa ya kuyasafisha. Sahani ya matundu iliyo juu ikipinda kidogo tu, upande mmoja wa dawa unaungua, mwingine unakaa bure. "Mafuta iko mavivu," ulicheka, "yakiona njia moja, yote yanapita mule." Kwa hiyo pipa letu nalo ulilitengenezea sahani ya kuyatawanya.

Mwenye boti akaing'oa. "Inatuchelewesha!" Ukamwambia, "Mukubwa, bila sahani ile, mazutu itapita tu, haitasafika." Hakusikia. Na wewe ukapanda, eti huwezi kuacha batoto ba batu na motere ile bila fundi; nami nikakufuata.

Motere ilikufa ziwani, mbele ya rasi ya Ubwari. Uliinama kuifungua, wimbi likatupiga ubavuni, boti ikapinduka. Sisi wengine tuliokotwa na wavuvi. Wewe... wewe walikuleta kesho yake.

Basi nikainuka kwenye kilio. Niliwaita wote mpaka ateliye, karakana yako, nikawaambia ulivyomkanya alipong'oa sahani, nikapasua ubavu wa pipa kwa patasi. Mchanga ulikuwa mweupe, mkavu. Ni mstari mmoja tu mweusi, mwembamba kama mkono wangu, ulioshuka kutoka juu hadi chini: mazutu yote ilipita mule.

Mama Furaha, mjane wako, alishika ule mchanga mkavu, akamtazama mwenye boti. "Bwana yangu alikuambia." Yeye akaondoka. Mpaka leo hajaomba msamaha.

Mama Furaha ananiambia niachilie. Siwezi, Papa. Haraka ya yule mwenye boti ilikuua, kisha mdomo wake ukataka kukuua mara ya pili.

Pumzika. Ateliye iko wazi, funguo ninazo mimi. Nakuahidi: kila atakayekuja kujifunza kwangu, kabla hajashika nyundo, atajua ulikuwa nani.

Mwanafunzi wako,
Mwavita