Cheko, Karakana Sasa ni ya Shangazi Yako

Mwaka umetimia leo, Cheko mjukuu wangu, tangu moyo wako usimame ghafla ukiwa mezani unaandika. Haya naandikiwa na dada yako, maana kalamu hainitii. Ananiambia babu fupisha, nafasi gazetini ni ndogo. Mwache. Nina habari yako, nimeshindwa kuibana.

Kwanza wewe mwenyewe. Mtu ulikuwa unamsalimia mara mbili, ukienda na ukirudi, hata kama alikudharau mara ya kwanza. Na michezo yako ya redio, mtani wangu! Kinyozi alikuwa anaacha kichwa cha mtu nusu ili awasikilize wale wahusika wako, mume bwege na mke wake mwenye mdomo. Kila mchezo uliuleta kwanza karakanani, unakaa juu ya benchi langu unanisomea. Nisipocheka, unachana.

Halafu siku moja ukasema basi. Ukasema umeshiba kwa kuwacheka wake za watu, sasa unataka binti arithi sawa na kaka yake. Ulisema redioni, wakakuondoa. Ukasimama na bango nje ya mahakama. Wanaume wakasema umekaliwa na mkeo. Na wanawake wengine wakakuuliza, miaka yote ile ulikuwa unamcheka nani? Ukasema wana haki ya kununa, ukaendelea kushika bango lako.

Mimi nilikuwa naona ni vituko tu, mpaka ulipofika kwangu. Ulisimama kwenye maranda ukaniuliza, "Babu, shangazi anawashinda wanao wote kwa useremala. Kwa nini karakana unampa baba mkubwa, asiyejua hata kushika nyundo?"

Nikakufukuza. Nikakwambia usiniletee siasa za wanawake kwenye randa yangu. Kesho yake ukaja, ukasalimia, ukauliza tena. Uliuliza mpaka wiki ile uliyotutoka, na kila mara nilikujibu hapana. Hilo linaniuma, sikufichi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita nimekwenda kwa wakili, nimeweka dole gumba. Karakana, mashine, mpaka kibao cha mlangoni, vyote vya shangazi yako. Wakili akaniuliza, "Mzee, kuna mtu amekushurutisha?"

Nikamwambia, "Yupo, ila tumeshamzika."

Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta miwani. Shangazi yako yeye, nilipomwambia, alikwenda akawasha msumeno, akapasua mbao mpaka mchana bila kutugeukia, na sote tunajua alikuwa analia. Ameshaniambia benchi langu limekaa vibaya, linaziba mwanga. Siku chache tu amekuwa bosi! Nimelisogeza.

Baba yako mkubwa amenuna, hata chakula changu hali. Nimemwambia anune vizuri, mlango uko wazi.

Wanaokukumbuka ni mkeo na wanao wawili, mama yako, dada yako, baba yako mdogo, wacheshi wenzako wa redio, na shangazi yako, fundi mkuu. Baba yako mkubwa alisema haya ya karakana hayatambui. Lakini asubuhi hii amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni, ameuliza kama na yeye ametajwa.

Ametajwa. Hakuna kati yetu aliyekusahau, Cheko, wala hatakuwepo.