Mvuke wa Bi Glavu

Jumamosi, 3 Mei
Lundo lake la mboji linatoa mvuke! Nimeuona kabla hata sijafungua geti la bustani yetu ya pamoja. Jirani wa kiploti cha kushoto — namwita Bi Glavu, maana hagusi udongo mpaka avae glavu zake za njano — hana hata miezi mitatu hapa. Mimi huu mwaka wa nne, na mboji yangu imepoa kama chai iliyosahauliwa. Mlinzi kapita, eti nikajifunze kwa mwenzangu. Nikajifunze! Roho imeniuma, nakiri.

Jumanne, 6 Mei
Nimechomeka kijiti katikati ya lundo langu, nikakichomoa, nikakishika. Baridi. Majani makavu matupu, hakuna kibichi. Nikamuuliza mume wangu maganda ya jikoni yanaishia wapi, maana ndoo hupeleka yeye bustanini kila jioni, akishafunga duka lake la baiskeli. Anasema kunguru wanakula. Kunguru gani hao, wanakula mpaka majani ya chai?

Alhamisi, 8 Mei
Bi Glavu hakuwepo. Nikaingiza mkono kwenye lundo lake. Moto! Nikafukua. Ganda la chungwa, refu, limemenywa kwa mkato mmoja toka juu hadi chini. Namjua mtu mmoja tu anayemenya hivyo. Alinimenyea mimi tulipokuwa wachumba, nikajiona malkia. Kumbe!
Nimelifukia tena. Nyumbani nimempakulia mume wangu, nikakaa namtazama anavyotafuna.

Jumapili, 11 Mei
Leo nilikwenda kumpasha. Njia nzima napanga maneno, yote makali. Kabla sijafungua mdomo, Bi Glavu kavua glavu — mara ya kwanza kumwona mikono! — kanishika. Eti asante dada kwa ndoo za kila jioni. Shemeji kamwambia ni mimi ninayemtuma, nimemwonea huruma, mgeni, hana mtu. Eti kila akiuona ule mvuke ananiombea dua.
Na mimi, mjinga, nimejibu: usijali, jirani.

Sasa ni jioni. Mume wangu yuko jikoni, anapiga mluzi. Kavaa shati la kutokea — la kwenda kumwaga takataka! Anaita: mke wangu, ndoo umeiweka wapi? Mara ya pili hiyo. Nimeikalia, naandika.