Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 14 Julai 2025

Reverien kapiga simu toka Kasulu. Ubishi ule ule: tukioana, tunaishi wapi? Yeye anafundisha hesabu kule, mimi nafundisha hesabu hapa Murungu, Kibondo. Nimwache mama peke yake? Na wasichana wangu wa Kidato cha Pili, ambao ndiyo kwanza wameanza kuipenda hesabu? Thubutu!

Mama kachoka kutusikiliza. Kasema tutegeane kitendawili kama watoto — atakayeshindwa atoe mji, tena autoe kweli. Reverien kakubali haraka mno. Katega: milioni moja na moja. Eti ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikiigawanya, anahamia Kibondo. Nikishindwa, nabeba godoro langu kwenda Kasulu.

Mama: Oya, mwananje! Hapana, mwanangu! Habari za tasa kabla ya harusi, hapana! Tumecheka mpaka simu ikakata.

Jumatano, 16 Julai

Mbili, tatu, saba, kumi na moja... haikubali. Nimefuata chati ya namba tasa iliyoko ukutani darasani mpaka ya mwisho, 97. Kila mara kinabaki kitu. Jeuri hiyo!

Basi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nimempigia: chukua Kibondo. Kashangilia kama kafunga goli. Anasema chumba kishapakwa rangi.

Jioni nimemkuta mama anakunja vitenge vyangu. Nimelia. Sitaki kuhama, basi!

Ijumaa, 18 Julai

Mungu wangu!

Nilikuwa ubaoni, nawaambia wanafunzi: kuhakikisha namba ni tasa, jaribu mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Chaki ikasimama. Kipeuo cha pili cha milioni moja ni elfu moja! Mimi niliishia 97 kwa sababu chati iliishia hapo. Mwalimu mzima!

Nikajaribu inayofuata, 101. Ikaingia! 101 mara 9901. Nimeruka mbele ya darasa, nao wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Sikumpigia Reverien. Jumapili anakuja na baba yake mdogo kupanga mambo. Nataka nimwone uso.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jikoni. Wageni wako sebuleni, pombe ya ndizi imeshafunguliwa. Mzee Tharsisi, baba mdogo wake, anamweleza mama habari za gari la kubeba vitu vyangu. Mama anaitikia ego, ego, ndiyo, ndiyo.

Reverien kaja kuomba maji. Nimempa chaki badala ya maji. Nimemwambia: zidisha 101 mara 9901.

Kazidisha kwenye mlango wa jikoni. Kafuta, kazidisha tena. Kumbe na yeye aliishia 97! Chati yao ni kama yetu. Sasa anazidisha mara ya tatu, anatafuta kosa, jasho linamtoka. Mimi nimekaa juu ya kinu, nakula karanga. Raha jamani!

Mzee Tharsisi anaita: kijana, gari lije lini?

Reverien kajibu, subiri kidogo, baba mdogo. Kaja kuchuchumaa hapa pembeni yangu, mikono imejaa chaki. Kaniuliza polepole: pale shuleni kwenu, mwalimu mwingine wa hesabu anahitajika?